Nambari 109: Juu ya Masanduku Mawili ya Sauti

Mwalimu wa kwaya akiandika noti ubaoni, ubao hauimbi. Noti zinasema tu: sauti hii ipande, ile ishuke, hii ikae mapigo mawili. Uzuri wa wimbo unatoka katika makoo ya waimbaji. Tukishika jambo hilo, tutaelewa vema mashini tunazotaka kuzipima leo: masanduku mawili ya sauti ya kampuni Roland ya Japani, yaani MT-32 ya mwaka 1987 na SC-55 ya mwaka 1991, yaliyotengenezwa kwa watu wanaofanya muziki nyumbani kwa kompyuta.

Mtauliza: mambo ya zamani hivi yatatufaa nini? Tunajibu: vinanda vingi vya umeme vinavyopigwa makanisani mwetu vingali vinafuata orodha ya sauti iliyowekwa nyakati zile. Yafaa tujue orodha hiyo ilileta nini, na iliacha nini.

Kwanza, chanzo. Zamani vinanda vya umeme vya kampuni mbalimbali havikusikilizana. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, na Dave Smith, fundi wa Marekani, walitafuta lugha moja. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, kinanda cha Smith na kinanda cha Roland viliunganishwa kwa waya. Kimoja kilipopigwa, cha pili kiliitika. Lugha hiyo inaitwa MIDI. Walioitunga hawakudai feza kwa ye yote anayeitumia, basi ikaenea upesi. Lakini angalieni: katika waya wa MIDI haipiti sauti. Zinapita amri tu, alama 31,250 kwa sekunde: piga noti hii kwa nguvu hii, sasa iache. Hizo ni noti za ubaoni. Koo ni sanduku.

Pili, MT-32. Kompyuta nyingi za nyumbani za aina ya IBM wakati ule zilikuwa na spika ndogo tu, yenye kutoa mlio mmoja mmoja. MT-32 iliuzwa dola 695, bei kali kwa jamaa ya kawaida, lakini iliweza kupiga sehemu 8 pamoja, na ya 9 ikawa ya ngoma. Kumbukumbu ya mashini ilikuwa ghali siku zile, kwa hiyo mafundi walitumia werevu. Walihifadhi sauti ya kweli ya mwanzo wa noti tu, kama pigo la nyundo au pumzi ya kwanza ya filimbi. Kisha sauti iliyotungwa na mashini yenyewe ikaendeleza. Sikio la mtu hutambua chombo hasa kwa mwanzo wake. Likikubali hapo, linakubali na yanayofuata.

Lakini sifa yake kubwa ni nyingine: MT-32 ilikubali kufundishwa. Kompyuta iliweza kuipelekea kwa waya maelezo ya sauti mpya, nayo ikashika 64 za namna hiyo. Mwaka 1988 kampuni Sierra On-Line ya Marekani ilitoa mchezo King's Quest IV, wenye muziki wa William Goldstein, ambao uliweza kusikika kwa sanduku hili. Watungaji wa michezo ya namna hiyo hawakutosheka na sauti walizozikuta. Walijitengenezea zao, hata milio isiyo ya chombo cho chote. Ukizima umeme, sanduku lilisahau yote, ikabidi kulifundisha upya. Hicho ni kilema, tunakiri. Lakini afadhali mwanafunzi anayesahau kuliko yule asiyetaka somo.

Tatu, SC-55. Kila sanduku la zamani lilihesabu sauti zake kwa namna yake. Muziki uliotungwa kwa sanduku moja ukipelekwa kwa jingine, penye filimbi palitoka tarumbeta. Mwaka 1991 makampuni yalipatana juu ya orodha moja, iitwayo General MIDI: sauti 128, kila moja na nambari yake, na njia ya 10 kwa ajili ya ngoma. SC-55 ilikuwa sanduku la kwanza kuifuata. Sasa mtu aliweza kutunga wimbo nyumbani kwake, kuutia katika disketi na kumpelekea rafiki wa mbali, na filimbi ikatoka filimbi. Tusidharau wema huo. Mtungaji asiye na feza hakulazimika tena kuandika kazi moja mara tano kwa masanduku matano.

Nne, hukumu yetu. Orodha ile ilipatanisha majina, haikupatanisha sauti. Nambari 20 ni kinanda cha kanisa. Lakini kinanda gani? Kila kampuni ilijiamulia. Tena tuangalie namna viti vilivyogawanywa. Piano na ndugu zake wamepewa viti 8 vya kwanza. Kutoka 105 mpaka 112 wamesongamana pamoja sitar ya India, banjo, shamisen na koto za Japani, na wengine; na katikati yao, nambari 109, yupo kalimba, ndugu wa likembe letu. Ukiacha marimba kwenye 13, agogo kwenye 114 na ngoma za njia ya 10, hapo ndipo Afrika ilipopewa pa kukaa.

Nani kwetu asiyejua likembe? Mwenyewe husogeza vijiti vyake mpaka vipatane na koo lake. Huvivisha pete za waya ili vivume. Kidole chake hufunika tundu na kulifunua, na sauti inatikisika. Piga nambari 109: unapata mlio safi, mfupi, uliopangwa kwa hatua 12 za piano. Si uongo, lakini ni picha ndogo ya mtu mzima.

Mtu atajibu kwamba SC-55 nayo iliweza kubadilishwa kidogo, sauti ikalainishwa au kunolewa. Ni kweli. Lakini nguvu ya orodha ni kutoiguza: ukibadili mno, rafiki wa mbali hatasikia ulichotunga. Kwa hiyo wengi waliacha kutafuta, wakachagua nambari tu. Ndiyo maana tunasema: SC-55 ni sanduku lenye faida zaidi, lakini MT-32 ni mwalimu bora, kwa kuwa ilimlazimisha mtungaji kujiuliza anataka kusikia nini hasa.

Basi ninyi mnaopiga vinanda vya umeme, tumieni orodha bila haya. Ni kazi njema ya watu waliopatana. Lakini wimbo ukihitaji likembe, na mwenye likembe yuko kijijini, mwiteni aje na chombo chake, mpangeni kinanda kwa sauti yake. Nambari 109 iwe ya siku ambayo hakuweza kuja.