Majina ya Kiswahili, Kurasa za Kiingereza: Majarida ya Wanafunzi na Malezi ya Wahariri wa Fasihi Afrika Mashariki

Mjadala kuhusu Penpoint, jarida la fasihi lililoanzishwa mwaka 1958 katika Idara ya Kiingereza ya Makerere, kwa kawaida huishia katika orodha ya waandishi walioibuliwa nalo. Orodha hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba zao kubwa la jarida lile lilikuwa wahariri, na kwamba Kiswahili, ambacho hakikuwa na jarida la namna hiyo vyuoni, kilipungukiwa na wahariri kuliko kilivyopungukiwa na waandishi.

Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia katika dibaji ya Secret Lives (1975) kwamba siku moja mwaka 1960, nje ya bweni la Northcote (ambalo leo ni Nsibirwa), alimsimamisha Jonathan Kariara na kumwambia kuwa ameandika hadithi fupi. Je, angependa kuitazama? Kariara alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya Kiingereza na mmoja wa waliolishughulikia Penpoint kwa karibu. Hadithi yenyewe haikuwapo. Kilichokuwapo ni wazo tu, na ikambidi Ngũgĩ aende akaandike. Hadithi hiyo ndiyo "Mugumo".

Tukio hili hurudiwa kama kichekesho cha ujana wa mwandishi mkubwa. Mimi naliona kuwa ndiyo maelezo mafupi na timilifu zaidi tuliyo nayo kuhusu kazi ya jarida la chuo. Ngũgĩ hakumwendea mhadhiri. Alimwendea mwanafunzi mwenzake, mtu ambaye angekutana naye tena kesho yake kwenye foleni ya chakula na ambaye asingeweza kumkwepa. Mhadhiri hupokea kazi kwa sababu imeagizwa, huisahihisha na kuitia alama, na kazi hufia hapo. Mwanafunzi mhariri ana kurasa za kujaza na wasomaji wanaomsubiri, kwa hiyo ana haja na kazi ya mwenzake, na wakati huohuo ana mamlaka ya kuikataa. Haja na mamlaka hayo yakikutana katika mtu mmoja ndipo uhariri unapozaliwa. Aidha, aliyesomwa leo alikuwa msomaji wa kesho: Ngũgĩ mwenyewe baadaye alikuwa mhariri wa jarida hilohilo.

Malezi hayo hayakubaki chuoni. Kariara alikwenda kufanya kazi ya uhariri katika tawi la Oxford University Press jijini Nairobi, na kuanzia mwaka 1967 akawa mhariri wa jarida la Zuka. Mwaka 1965 David Cook, mhadhiri wa Makerere, alikusanya kazi za wanafunzi, nyingi zikiwa zimetoka Penpoint, katika Origin East Africa, kitabu kilichotolewa na Heinemann katika mfululizo wake wa waandishi wa Afrika. Njia kutoka bwenini hadi kwa mchapishaji ilikuwa fupi, na watu waliosimama katika kila hatua yake walikuwa wamejifunza kusoma muswada wakiwa bado wanafunzi.

Je, Kiswahili kilikuwa na nini wakati huo? Si haki kusema kwamba hakikuwa na kitu. Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi, na malumbano ya washairi ni ukosoaji wa wenzi kwa wenzi, mkali pengine kuliko ule wa mabweni ya Makerere. Lakini malumbano hujibu shairi lililokwisha kutoka. Hayamrudishii mtunzi rasimu na kumwambia kwamba ubeti wa nne haujaiva. Kwa upande wa vitabu, mlinzi wa lango alikuwa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambayo ilipitia miswada na kutoa ithibati kwa lugha iliyolingana na usanifu uliokubaliwa. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa yake. Hata hivyo, mkaguzi wa lugha huuliza kama neno ni sanifu, ilhali mhariri wa fasihi huuliza kama neno lilihitajika. Nina shaka kwamba hata leo, katika nyumba nyingi za uchapishaji wa Kiswahili, swali la kwanza linasikika zaidi ya la pili. Anayesoma riwaya zetu mpya hukutana na sarufi iliyonyooka katika sura ambazo zingefaa kuondolewa.

Mkutano wa Makerere wa Juni 1962 umejadiliwa mno, nami sitaurudia isipokuwa kwa jambo moja. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ anabainisha kwamba yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili, alistahili kualikwa kwa sababu aliandika kwa Kiingereza, na Shaaban Robert hakustahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo. Moja ya hadithi hizo mbili ilitoka Penpoint. Jarida la wanafunzi, pamoja na udogo wake, lilikuwa tayari linagawa vitambulisho.

Baada ya uhuru majarida yalianza kubadili majina. Nexus la Nairobi likawa Busara. Darlite, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, likawa Umma. Penpoint lenyewe likaishia kuwa Dhana. Hata Cheche la wanafunzi wa Dar es Salaam, ambalo lilikuwa la kisiasa zaidi ya kifasihi, lilichukua jina la Kiswahili, na lilipopigwa marufuku mwaka 1970 nafasi yake ikachukuliwa na MajiMaji. Msomaji anayepitia majina haya angedhani kwamba Kiswahili kimeshika hatamu za fasihi vyuoni. Akifungua kurasa atakuta, kwa sehemu kubwa, Kiingereza. Baadhi ya wahakiki wameyasoma mabadiliko hayo kama hatua ya kwanza ya safari. Sikubaliani nao. Hatua ya kwanza ingekuwa kubadili lugha ambayo mhariri na mtunzi walibishania rasimu, hata kama jina la Kiingereza lingebaki juu ya jalada.

Kwamba jambo hilo liliwezekana, tunao ushahidi kutoka Makerere kwenyewe. Mwaka 1965 wanafunzi walianza ziara za tamthilia, na Cook yuleyule alikuwa miongoni mwa viongozi wa mpango huo. Walicheza michezo kwa Kiingereza, Kiswahili, Luganda na lugha nyingine za Uganda, kwa sababu walikuwa wakienda kwa watu. Kwa hiyo uwezo haukukosekana. Jukwaa lilidai lugha ya hadhira, ilhali ukurasa ulidai lugha ya mtihani.

Ipo hoja kinzani yenye uzito. Euphrase Kezilahabi alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970, na Rosa Mistika ikatoka mwaka 1971, bila jarida la Kiswahili la wanafunzi kumlea. Waandishi wakubwa, itasemwa, hujileta wenyewe. Nakubali, na ndiyo sababu sikuijenga hoja yangu juu ya waandishi. Mhariri hajileti mwenyewe. Ni lazima awepo mahali ambapo mtu wa miaka 21 anapewa rasimu ya rafiki yake na kulazimika kuamua. Majarida tuliyoanzisha, kama Mulika la mwaka 1971, yamekitendea Kiswahili mema mengi, lakini ni majarida ya wanazuoni. Mwanafunzi huyasoma ili ayanukuu.

Uzito wa jambo hili kisera umeongezeka. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mijadala iliyofuata imehusu zaidi idadi ya walimu na vitabu vya kiada. Vitabu hivyo vitahitaji kuhaririwa na watu wanaoweza kutofautisha hadithi na zoezi la ufahamu, na watu hao hawatapatikana kwa semina ya siku tatu.

Ninachopendekeza si ghali. Idara za Kiswahili zitambue uhariri wa jarida la wanafunzi kama sehemu ya masomo yenye alama zake, mhadhiri awe mshauri asiye na kura, na kila kazi inayokataliwa irudishwe na maelezo ya maandishi. Sharti hilo la mwisho ndilo litakalopingwa zaidi, maana kumkatalia mwenzako kwa Kiswahili fasaha, bila kumvunjia heshima na bila kujificha nyuma ya methali, ni kazi ngumu. Istilahi tuliyo nayo ya fani na maudhui hutusaidia kuichambua kazi iliyokamilika. Kwa kazi ambayo bado inatafuta umbo lake, wanafunzi watalazimika kuunda msamiati wao wenyewe, nasi tutapaswa kuuweka katika kumbukumbu wanapouunda.