Bombay Kwanza, Stanley Baadaye: Kupanga Waigizaji wa Filamu ya Kwihara

Filamu za misafara ya bara zimeshatengenezwa si haba, na ukizipanga kwa miaka unauona mtindo mmoja wa kugawa nafasi. Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century-Fox ilitoa Stanley and Livingstone iliyoongozwa na Henry King, Spencer Tracy akiwa Stanley na Cedric Hardwicke akiwa Livingstone. Mwaka 1971 BBC ikaja na mfululizo wa The Search for the Nile, ambamo Livingstone aliigizwa na Michael Gough. Mwaka 1990 Bob Rafelson akatengeneza Mountains of the Moon: Patrick Bergin ni Burton, Iain Glen ni Speke. Mwaka 1997 ikawa zamu ya Aidan Quinn na Nigel Hawthorne katika Forbidden Territory. Ukitazama mabango unaona walikoanzia: wametafutwa kwanza Wazungu wawili wanaoendana, kisha msafara ukajazwa nyuma yao.

Kwa hadithi inayoishia Ujiji, Stanley na Livingstone wakipeana mikono, utaratibu huo unafanya kazi. Ukiihamishia kamera Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, unakwama mara moja. Stanley alifika hapo Juni 1871, akaingizwa kwenye vita vya Waarabu na mtemi Mirambo, akaondoka Septemba. Alirudi Februari 1872 akiwa na Livingstone, na tarehe 14 Machi akashika njia ya pwani. Livingstone akabaki kwenye tembe akisubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Oktoba 1873 alirudi tena, safari hii akiwa maiti iliyokaushwa na kubebwa mabegani. Hapo kuna filamu nzima ndani ya nyumba moja, na Wazungu ni wageni wanaopishana mlangoni. Ukianza usaili na wao, nusu ya mswada utakosa mtu wa kuubeba.

Anayeubeba ni Sidi Mubarak Bombay. Myao huyu alitekwa utotoni, akauzwa hadi India, akarudi Unguja akiwa huru. Alipita Tabora mara ya kwanza mwaka 1857 pamoja na Burton na Speke, wakati mji ukiitwa Kazeh. Mwaka 1871 alikuwa kapteni wa askari wa Stanley. Mwaka 1873 alikuwa kiongozi wa msafara wa Luteni Verney Lovett Cameron, kwa hiyo alikuwapo pale Unyanyembe, eneo lenye Tabora na Kwihara, maiti ilipofika. Alimwona Livingstone Kwihara akiwa hai, akamwona tena akiwa mzigo. Mwandishi wa filamu hapewi zawadi kama hiyo kila siku.

Rafelson angalau alilitambua hilo nusunusu. Nafasi ya Bombay alimpa Mkenya Paul Onsongo, na Mabruki, mwenzake wa msafarani, akawa Delroy Lindo, miaka miwili kabla Malcolm X haijamtangaza duniani. Watu wa Fox mwaka 1939 hawakufika hata hapo. Msaidizi wa karibu wa Stanley kwenye filamu yao ni Jeff Slocum, Mmarekani wa kubuni aliyeigizwa na Walter Brennan, anayeleta vichekesho na busara za mbugani. Ukimweka Slocum kwenye kiti kile, Bombay hana pa kukaa. Kosa la filamu ile, ambayo kwa mambo mengine imetengenezwa kwa ustadi, lilifanyika kwenye karatasi ya majina kabla kamera haijawashwa.

Basi nianze naye. Bombay wa mwaka 1871 ana umri wa kama miaka 50, mvi zimeingia, uso una makunyanzi. Safu ya juu ya meno ina pengo, na Stanley anaandika kuwa ni kazi ya ngumi ya Speke. Mtu wa vipodozi atatengeneza pengo hilo kwa nusu saa. Kazi ya mwigizaji ni kuzungumza kama mtu aliyelizoea pengo lake kwa miaka kumi, asiyelificha wala kulionyesha. Halafu kuna lugha. Bombay na Speke walielewana kwa Kihindustani, maana Speke Kiswahili kilimshinda. Na wapagazi wa Kinyamwezi alizungumza Kiswahili cha njiani. Mbele ya liwali alihitaji Kiswahili cha Unguja chenye adabu zake. Mwigizaji lazima abadilishe sauti kulingana na aliye mbele yake ndani ya onyesho moja, bila mtazamaji kumwona akibadilisha.

Nafasi hii nampa Ayoub Bombwe. Aliyeiona Bahasha ya mwaka 2018, filamu ya Jordan Riber, anamkumbuka akiwa Kitasa, mtumishi wa umma anayevutwa upande huu na fedha na upande ule na watu wake. Bombay aliishi katika msukosuko huohuo: juu yake bwana mwenye hasira na bakora, chini yake askari wanaodai posho, na katikati ghala la merikani, kaniki na ushanga ambalo kila jora likipungua ataulizwa yeye. (Majina Bombwe na Bombay kufanana ni bahati tu, ila mtu wa matangazo atafurahi.)

Watayarishaji watasema wanataka nyota, na jina la kwanza mezani litakuwa Lupita Nyong'o. Simpingi Lupita hata kidogo. Napinga uvivu wa kumpa tena nafasi ya mtumwa mwigizaji aliyepata Oscar kwa nafasi ya mtumwa katika 12 Years a Slave. Tena nafasi ya kike iliyo kubwa Kwihara ni ya mtu ambaye mtazamaji anatakiwa amgundue taratibu.

Mtu huyo ni Halima, mpishi wa Livingstone na mke wa Amoda, mmoja wa watu wa msafara. Wakati wa kule kusubiri, Halima aligombana na Ntaoeka, mwanamke mwingine wa msafara, akakimbia. Livingstone alikwenda kwa jirani, Sultan bin Ali, akatuma barua imfuate. Halima akarudi mwenyewe, lakini hakuingia. Alisimama nje, akataka kitu kimoja tu: mzee atoke amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia, akaongeza kwamba wasigombane tena, kisha akampa nguo nzito kwa sababu ya baridi. Kwenye shajara yake akaandika kuwa wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Onyesho hili ndilo ningelitumia kwenye usaili wote wa wanawake, na bila maneno. Mlango mmoja, mwigizaji nje, mzee ndani. Mwambie mwigizaji kwamba amerudi kwa hiari yake ila hataki ionekane amerudi kwa hiari yake. Wengi watalia, kwa sababu tamthilia zetu zimewazoesha kuwa uchungu ni machozi. Wengine watabetua midomo na kuweka mkono kiunoni. Anayehitajika ni yule atakayesimama kama mwenye nyumba aliyefungiwa nje kwa makosa ya mwingine, anayengoja kosa lirekebishwe. Kwa sheria ya wakati ule Halima ni mali ya mtu. Kwa namna anavyosimama, yeye ndiye anayempa Livingstone nafasi ya kuwa muungwana. Nampendekeza Godliver Gordian, niliyemwona katika Aisha na Binti. Anajua kunyamaza mbele ya kamera bila kuzima uso.

Kwa Ntaoeka nisingechukua jina kubwa. Ningekwenda kusaili Kigoma na ng'ambo ya ziwa, Uvira na Bukavu, nitafute msichana mwenye Kiswahili cha huko. Ugomvi wa jikoni kati ya Kiswahili cha Kongo na cha pwani una utamu wake, na masikio ya Watanzania yataucheka kabla ya kuuonea huruma. Ntaoeka huyohuyo ndiye aliyetakiwa na Livingstone achague mume miongoni mwa watu wake, akamchagua Chuma. Kwa hiyo msichana wetu asailiwe mbele ya Chuma, wala asipewe nafasi peke yake.

Livingstone ni rahisi kukosea. Hardwicke alikuwa Mwingereza mwenye cheo cha Sir, na mabwana wa aina hiyo ndio waliozoeleka kwenye nafasi hii, hata watazamaji wakasahau kwamba mzee huyu alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba cha Blantyre, Uskoti, akiwa na miaka 10. Nampa Peter Mullan, aliyepata tuzo ya Cannes kwa My Name Is Joe mwaka 1998. Ana sauti ya mtu aliyetoka kwenye nyumba za vibarua. Jambo moja la kiufundi asilisahau hata akiwa nyuma ya pazia: mkono wa kushoto. Simba aliuvunja mwaka 1844 na haukupona sawasawa. Mwaka 1874 daktari mjini London alimtambua marehemu kwa mfupa wa mkono huo. Kwa hiyo anapompa Halima ile nguo, aitoe kwa mkono wa kulia, na wa kushoto usipande juu ya bega filamu nzima.

Stanley nampa Taron Egerton na sina mengi ya kusema juu yake. Stanley alikuwa na miaka 30, mtoto wa Wales aliyelelewa kwenye nyumba ya maskini, akijifanya Mmarekani. Egerton alikulia Wales, hivyo atajua mahali pa kuacha lafudhi ya Kimarekani ipasuke, labda akiwa na homa.

Sasa Mirambo. Mtu wa usaili akisikia jina hilo, na habari za wapiganaji wake, rugaruga, na Tabora kuchomwa moto Agosti 1871, anaita jitu la miraba minne lenye sauti ya ngurumo. Stanley mwenyewe alikuwa na picha hiyo kichwani hadi walipokutana mwaka 1876, akamkuta kijana mrefu, mzuri wa sura, mpole, anayezungumza taratibu. Aliyewatoa jasho Waarabu wa Unyanyembe alikuwa na tabia ya mtu unayeweza kumpita sokoni. Ndoto inaniruhusu kumwita marehemu, nami namwita mmoja tu: Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 na kufariki Aprili 2012. Alikuwa na urefu huo, sauti hiyo ya chini, na Kisukuma kiko jirani na Kinyamwezi kiasi kwamba mwalimu wa lugha asingepata taabu. Bongo Muvi ilimtumia sana kwenye mapenzi na misiba ya nyumbani. Ningempa Mirambo maonyesho matatu tu, yote akiwa amekaa.

Liwali Said bin Salim namwacha wazi hadi usaili ufanyike Unguja na Maskati, kwa sababu simjui mwigizaji mwenye Kiarabu cha Oman na Kiswahili cha mjini kwa kiwango kimoja. Najua ninachotafuta. Burton alimwajiri mwaka 1857 kuongoza msafara, akamdharau kwa udogo wa mwili na uoga, akamwachisha kazi. Miaka 14 baadaye mtu huyohuyo ndiye mkubwa wa Waarabu wa Unyanyembe, Wazungu wanafikia kwenye himaya yake, na Bombay aliyekuwa naye katika msafara ule anamletea salamu za bwana mpya. Waigizaji hawa wawili wakitazamana, pasemwe kidogo sana.

Kalulu, yule mtoto aliyetolewa zawadi kwa Stanley hapo Tabora, atoke kwenye shule za msingi za Tabora kwa mchujo wa wazi. Wapagazi vilevile. Nisingeleta watu wa mazoezi ya viungo kutoka Dar es Salaam kubeba mizigo ya kilo 30, maana mabega yao yataonekana ni ya kunyanyua vyuma.

Wamebaki watatu wa Oktoba 1873, walioileta maiti. Susi wa Shupanga nampa Gudrun Columbus Mwanyika, Denge wa Vuta N'kuvute, kwa ule ukimya wa mtu aliyekwisha kuamua. Jacob Wainwright ndiye msomi, aliyesoma sala Chitambo, Livingstone alikofia, na baadaye kuhudhuria mazishi ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Ningemtafuta kwenye kundi la maigizo Mombasa, mji ambao wenzake wengi waliosomeshwa Nasik, India, walikuja kuishi. Chuma ni Joseph Wairimu. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012 alikuwa Mwas, kijana wa kijijini anayeota kuwa mwigizaji, na nataka ule umahiri wa kuigiza mtu anayeigiza.

Sababu ni Kasekera. Huko mbele ya Kwihara wanakijiji hawakutaka maiti ipite kwao. Wasafiri wakatangaza kwamba wanairudisha Unyanyembe ikazikwe, wakafunga mabua ya mtama ndani ya nguo kwa umbo la mtu, watu sita wakayabeba kwa heshima zote za msiba hadi walipokuwa mbali, wakayatawanya porini. Mwili wenyewe ulikuwa umefungwa upya kama mtumba wa nguo na kuendelea na safari ya pwani. Wairimu na wenzake waigize msiba huo kwa kiwango cha kuwadanganya wanakijiji na kisichowadanganya watazamaji. Nani kati yao atazidisha kilio kidogo? Hilo ndilo swali langu la mwisho la usaili, na ningeliuliza wakiwa wote watatu pamoja.

Cameron asailiwe baada yao. Habari za kifo zilimkuta mgonjwa wa homa na macho, karibu haoni, na alipoletewa maiti akashauri izikwe hapohapo. Susi na Chuma wakakataa. Mwigizaji wake awe hodari kiasi cha kufanya ushauri ule usikike kuwa wa maana, kwa sababu ulikuwa wa maana: njia ilikuwa mbaya, na Bagamoyo waliifikia Februari 1874. Akiigizwa kama mjinga, kukataa kwao kutakuwa rahisi mno.