Ajabu Nayo Ina Kanuni Zake

Walimu wengi huziona sinema za maajabu na michezo ya upelelezi ya televisheni kuwa ni upuuzi wa kuwapotezea wanafunzi wakati. Mimi pia nilikuwa na maoni hayo, mpaka mwanafunzi wangu mmoja aliponiletea insha juu ya jini aliyemwokoa baharia. Nilimwandikia kwa wino mwekundu, "Haiwezekani," nikampa alama nne katika kumi. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona katika Sinbad inawezekana?" Sikuwa na jibu. Nikaona yanipasa kuitazama sinema yenyewe.

Sinema aliyoikusudia ni The Golden Voyage of Sinbad ya mwaka 1973, iliyogharimu karibu dola milioni moja, kiasi kidogo kwa kazi ya aina hiyo. Viumbe vyake ni kazi ya Ray Harryhausen (1920–2013), aliyekuwa akikisogeza kinyago kidogo kidogo kwa mkono na kukipiga picha kila mara. Na sekunde moja ya sinema huhitaji picha 24. Sanamu ya Kali yenye mikono sita inapoinuka kupigana kwa panga, mwendo wake hukatika-katika. Wako watakaocheka. Lakini hiyo ni sanamu, na sanamu ikiamka itakwendaje kama si hivyo? Hapo uhaba wa fedha umegeuka kuwa sehemu ya maana.

Kilichonigusa zaidi ni mchawi Koura, aliyeigizwa na Tom Baker. Kila afanyapo uchawi, huzeeka. Uwezo wake una bei, na mtazamaji anaijua bei hiyo. Ndiyo maana tunashikwa na wasiwasi hata kwa ajili ya adui. Si kwamba sinema hii haina kasoro. Margiana, kijakazi, hana kazi kubwa ila kutazamwa. Na kumchukua mungu wa kike wa Wahindi akaabudiwe kisiwani na watu waliopakwa rangi ya kijani ni kuchezea imani ya wengine.

Upande wa upelelezi, nautaja mfululizo wa Marekani uitwao Columbo, ulioanza na sinema moja ya televisheni mwaka 1968, kisha ukawa mfululizo kamili mwaka 1971. Wasomaji wa Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla wamezoea kungoja hadi mwisho wamjue mkosaji. Hapa, aghalabu, muuaji tunaonyeshwa mwanzoni. Swali si "nani?" bali "atanaswa vipi?" Basi mchezo mzima hutegemea mazungumzo: Peter Falk katika koti lake lililokunjamana, anaaga, anafika mlangoni, kisha anarudi na swali jingine dogo. Hilo halihitaji fedha nyingi. Lahitaji mwandishi anayejua uzito wa neno. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingine ushahidi wa mwisho ni mwembamba, na muuaji hukiri upesi mno.

Kazi hizi mbili zanifundisha jambo moja. Mtunzi ana ruhusa ya kutunga lolote, maadamu akishaweka kanuni haivunji kwa ajili ya kujiokoa mwenyewe. Koura hawezi kurudia ujana bure. Columbo hawezi kumkamata mtu kwa ramli. Mtazamaji husamehe kinyago cha bei rahisi, lakini hasamehe kudanganywa.

Nilipoirudia ile insha, niliona kwamba kasoro ilikuwapo, ila mimi niliitaja vibaya. Jini yule alitokea pasipo kuitwa, akaokoa pasipo kupoteza kitu, akatoweka. Neno langu "haiwezekani" lilimfundisha kijana kwamba ndoto zake ni makosa, wakati kilichomfaa ni swali: "Jini huyu alilipa nini?" Nimelifuta neno lile, nikaliandika swali hilo mahali pake. Alama sikuziongeza, nilimpa nafasi ya kuandika upya. Walimu wenzangu, kabla hatujachovya wino mwekundu, tupime kwanza kama tunasahihisha utunzi au tunaadhibu ubunifu.