Kifuniko cha Lenzi: Kigeuze Kwanza

Bagamoyo kila kitu kikuukuu cha shaba huitwa "cha Mjerumani". Ukiletewa kifuniko cha lenzi kwa jina hilo pale Barabara ya India, usitazame mng'ao. Kigeuze.

Habari iko ndani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, enzi ambayo A. C. Gomes alifungua studio yake Unguja, mpiga picha alikivua kifuniko kwa mkono, akahesabu sekunde, akakirudisha. Kifuniko ndicho kilichofungua na kufunga mwanga. Kilikuwa chombo cha kazi, na chombo cha kazi hubaki na alama: mahameli ya ndani imelala upande mmoja, imelika zaidi ukingoni. Mahameli iliyosimama wima, inayonuka gundi, imebandikwa juzi. Kisha kivishe lenzi yake, ukivute. Kilicho chema huteleza polepole, hewa ikikizuia kidogo, na kamera haitikisiki. Mtikisiko mdogo tu uliharibu picha nzima. Kinachopwaya au kukwama si cha lenzi hiyo. Kipimo hiki nakiamini kuliko maandishi yoyote.

Maandishi nayo husaidia, hasa kukanusha. Sheria ya Uingereza ya 1887 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za Ujerumani zilizoingizwa huko ziandikwe "Made in Germany". Basi ukiambiwa kifuniko chenye maneno hayo kilikuja na msafara uliouleta mwili wa Livingstone Bagamoyo mwaka 1874, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Herufi D.R.P., alama ya hataza ya Kijerumani, ziliendelea hadi 1945, ilhali Wajerumani waliupoteza mji huu 1916; basi herufi hizo pekee hazithibitishi kuwa kifuniko ni cha enzi yao hapa. Cheusi kigumu kisugue kwa kidole mpaka kipate joto, unuse: harufu kali kama ya dawa ya kusafishia vidonda ni ya bakelaiti, iliyobuniwa 1907. Chenye picha ya mnara ni cha Pentacon ya Dresden, Ujerumani Mashariki, nchi ileile iliyosaidia kujenga maghorofa ya Kikwajuni, Unguja. Hicho si adimu.

Kinachoniuma ni ndimu na majivu. Shaba iliyokaa miaka mingi kwenye hewa yetu ya chumvi huwa ya kahawia, na ukijani kidogo umejificha kwenye mistari ya kereza. Muuzaji akiisugua kwa ndimu na majivu ing'ae, vanishi ya kiwandani inatoka, mistari inafutika, na herufi zilizochongwa zinabaki butu. Nikiwekewa viwili, kimoja king'aavu, kingine cha kahawia ambacho herufi zake bado zinakwaruza ukucha, nachukua cha kahawia hata kwa bei mara mbili.

Na ukikuta lenzi nzuri imefunikwa kwa kifuniko cha ngozi, kazi ya fundi viatu, mishono imebanana na kipenyo kimelengwa sawasawa, usikivue ukaitafutia lenzi cha shaba. Vinunue pamoja.