Tuiulize Saikolojia Isnadi Yake

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na vijana wetu walioko vyuoni ni hili: je, inafaa kusoma saikolojia, na kama inafaa, je, mtu akubali kila anachofundishwa humo? Jawabu wanalopewa aghalabu huwa moja kati ya mawili. Wapo wanaosema kuwa hiyo ni elimu ya watu wasioamini roho, basi iachwe. Na wapo wanaosema kuwa yote yaliyomo yalikwisha semwa na wanazuoni wetu tangu zamani, basi hakuna jipya la kujifunza. Majawabu haya mawili yana ila moja: mwenye kuyatoa hakukifungua kitabu. Sisi tumeona bora tukifungue, na tukipime kwa kipimo ambacho wasomaji wa kurasa hizi wamekizoea, yaani kuuliza habari hii kapokea nani kutoka kwa nani, na je, imefika salama?

Kisa ambacho vitabu vingi vya utangulizi husimulia ni kifupi. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara mjini Leipzig, Ujerumani, na hapo ndipo saikolojia ilipozaliwa kama sayansi. Kisha yakafuatana madhehebu ya fikra: umuundo, uliotaka kuigawanya akili katika chembechembe zake, uamilifu wa William James, uliouliza akili inafanya kazi gani, uchambuzi nafsi wa Freud, utabia wa Watson na Skinner, saikolojia ya utu ya Maslow na Rogers, na mwisho saikolojia ya utambuzi, iliyoirudisha akili mahali ambapo utabia ulikuwa umeifukuza. Mwanafunzi huhifadhi majina na miaka, akafaulu mtihani, na akatoka akidhani amesoma historia.

Ama huyo Wundt wa mwanzo wa kisa, tumwangalie kwa makini zaidi. Vitabu vingi vimemweleza kama baba wa umuundo, mtu aliyewakalisha watu maabarani wakajichungulia nafsi zao na kutoa taarifa ya hisia moja moja. Je, habari hii imepita kwa nani? Imepita kwa Edward Titchener, Mwingereza aliyesoma kwa Wundt na kisha, mwaka 1892, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Kutoka kwa Titchener ikaenda kwa mwanafunzi wake, Edwin Boring, ambaye mwaka 1929 alitoa kitabu cha historia ya saikolojia ya majaribio ambacho vizazi vya walimu wa Marekani walikitegemea. Na kutoka kwa Boring ikaingia katika vitabu vya utangulizi. Kwa hiyo tuna mpokezi mmoja, naye ana madhehebu yake mwenyewe anayoyatetea, na baada yake ana mwanafunzi wake. Mwenye kujua elimu ya wapokezi ataelewa kwa nini mtu asimame hapa kabla ya kuendelea.

Na kweli waliosimama wakaona. Mwaka 1975 Arthur Blumenthal, mwanasaikolojia wa Marekani, alirudi kwenye maandishi ya Wundt mwenyewe kwa Kijerumani, akaonyesha kuwa Wundt wa vitabuni hafanani na Wundt wa Leipzig. Umuundo ulikuwa wa Titchener. Wundt aliita mfumo wake kwa jina linalotokana na neno irada, kwa sababu aliona kuwa akili ya mwanadamu haipokei tu mambo ya nje kama kioo, bali huelekea, huchagua na hutenda. Tena aliamini kuwa maabara ina mpaka wake, na kwamba fikra za juu za mwanadamu hazijulikani ila kwa kuchunguza lugha, dini, desturi na sheria za watu. Akaandika juu ya hayo juzuu 10 kati ya mwaka 1900 na 1920, mwaka aliofariki. Juzuu hizo mwanafunzi huzikuta katika sentensi moja, akizikuta.

Ndugu msomaji, hili si jambo dogo la kihistoria. Irada ndiyo nguzo ambayo mlango mzima wa taklifu umeegemea. Faqihi anapouliza kama talaka iliyotolewa kwa kulazimishwa inapita, au kama mwendawazimu anahesabiwa kwa kitendo chake, anauliza kuhusu irada na akili. Sasa kijana anaambiwa kuwa elimu ya nafsi ilianza bila ya irada, na kwamba kuizungumza ni kurudi katika falsafa za kale. Kumbe irada ilikuwamo tangu mlango wa kwanza, ikaangushwa njiani na mpokezi!

Mfano wa pili ni wa kinyume chake, kwani hapa kimeongezwa ambacho hakikuwapo. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walichapisha habari ya jaribio lao kwa mtoto mchanga wanayemwita Albert. Alipokuwa na umri wa miezi 11 hivi walimwonyesha panya mweupe, na kila alipomgusa wakagonga chuma kwa nyundo nyuma yake, hadi mtoto akawa analia kwa kumwona panya peke yake. Mtoto aliondoka hospitali bila ya khofu hiyo kuondolewa. Huo ndio matini. Mwaka 1979 Ben Harris alivikagua vitabu vilivyosimulia kisa hiki akakuta mambo ya ajabu: vingine vilisema Albert aliogopa hata ukosi wa manyoya wa mama yake, vingine mwanasesere wa dubu, na vingine vikampa mwisho mwema kwamba khofu ilitibiwa. Watu wa hadithi wana jina la kitendo hiki: idraji, mpokezi kuchomeka maneno yake ndani ya habari. Na tukiyaondoa yaliyochomekwa, kinachobaki ni mtoto mmoja, na juu ya mtoto huyo mmoja watu wamejenga kauli kuhusu khofu za wanadamu wote.

Piramidi ya mahitaji ya Maslow nayo ni vivyo hivyo. Makala yake ya mwaka 1943 haina piramidi, wengine walimchorea baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hivi hulichanganya, nalo ni riwaya na rai. Skinner alipoeleza jinsi njiwa anavyozidi kudonoa kidude anapolipwa punje, hiyo ni riwaya: ameona, na mwingine akifanya vile vile ataona. Lakini mwaka 1971 alipotoa kitabu akidai kuwa uhuru wa mwanadamu ni dhana ya kuachwa, hakuna njiwa aliyemwambia hivyo. Hiyo ni rai yake, na ina wapinzani ndani ya elimu yake mwenyewe. Vile vile Freud alipoandika mwaka 1927 kwamba dini ni ndoto ya matamanio, hakuwa akitoa taarifa ya mgonjwa. Kitabu kinapoweka yote mawili chini ya kichwa kimoja cha habari, "mchango wa Skinner", "mchango wa Freud", kijana hukataa riwaya kwa ajili ya rai, au humeza rai kwa heshima ya riwaya.

Insafu inatulazimu tuseme pia kwamba waliozikagua isnadi hizi, Blumenthal na Harris, ni wanasaikolojia wenyewe. Na hawakuishia kwenye historia. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichunguza majarida makubwa ya Marekani ya fani hii akakuta asilimia 96 ya watu waliochunguzwa wametoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 zilizokwisha chapishwa. Zilizotoa tena matokeo yenye uzito hazikuzidi sana theluthi. Jumuiya inayojikosoa hadharani namna hiyo haistahiki kubezwa nasi.

Hasa kwa kuwa sisi nasi tuna yetu. Ni mara ngapi tumesikia kwamba Ibn Sina aliwafunga wanakondoo wawili, mmoja mahali anapomwona mbwa mwitu, naye akakonda akafa kwa khofu? Wanaokisimulia hawataji kitabu wala mlango. Kinachopatikana katika maandishi ya Ibn Sina ni kwamba kondoo hutambua uadui wa mbwa mwitu bila ya kufundishwa, na anautaja kueleza nguvu ya nafsi aliyoiita wahmu. Huo ni mfano wa kifalsafa, na ni mzuri. Kuugeuza kuwa jaribio la maabara ni idraji ile ile tuliyomlaumu mwenzetu.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), ana haki zaidi ya kutajwa, kwa kuwa kitabu chake kipo. Kinaitwa Masalihul Abdan wal Anfus, nakala zake za mkono ziko Istanbul, na sehemu yake ya nafsi ilifasiriwa kwa Kiingereza na Malik Badri wa Sudan mwaka 2013. Humo anazungumzia hasira, khofu, huzuni na wasiwasi, na anawalaumu matabibu wanaotibu mwili wakaiacha nafsi. Lakini tusiseme kuwa yeye ndiye "baba wa saikolojia". Hatujaona mnyororo unaotoka Balkh kufika Leipzig, na kitabu hakihitaji mnyororo huo ili kiwe na thamani.

Tumalizie na wasiwasi, kwa kuwa msiba wake uko katika misikiti yetu. Kila mmoja wetu amemwona mtu anayerudia udhu mara ya tano, sala ya jamaa inakwisha naye bado yuko bombani. Wanazuoni wa fiqhi wamesema kuwa mwenye shaka nyingi asizingatie shaka lake. Aendelee, wala asirudie. Mwaka 1966, hospitalini London, Victor Meyer aliwatibu wagonjwa wawili wa namna hii kwa kuwaweka mbele ya kile wanachokiogopa kisha kuwazuia wasifanye kitendo chao cha kujituliza, na njia iliyokua kutokana na hapo ndiyo inayotumika hadi leo. Imetoka katika tawi la utabia, lile lile ambalo wakubwa wake waliikana irada. Je, tuikatae kwa sababu ya Skinner?

Tunaona imamu afanye yote mawili: ampe ndugu huyu hukumu ya mwenye shaka nyingi, na amwelekeze kwa mtaalamu. Na mtaalamu naye, kabla ya kumpangia mazoezi, amuulize imamu kiasi cha faradhi ni kipi, maana faradhi katika udhu ni kuosha mara moja, na mgonjwa akiambiwa apunguze chini ya hapo hatarudi kwake tena.