Kanga za Mama na Blanketi la Viraka



Dada yetu mkubwa aliporudi Silver Spring kutoka Tanga, baada ya arobaini ya mama, begi lake moja lilikuwa na kanga tupu. Doti nyingine hazijatenganishwa wala kupindwa, nyingine zimechakaa kwa kubebea wajukuu. Kila mmoja alitegemea kupata doti yake. Dada akasema hapana, atazikata zote ashone blanketi moja la viraka.

Sisi tulipinga. Kiraka kwetu ni dalili ya ufukara, na kanga ikikatwa jina lake linakatika. Ni sawa na kuchana barua. Na kwa kuwa tumesomea uhandisi, na hata uzi kutunga kwenye sindano ni kazi, tuliona heri tutafute ushahidi.

Kwa hili wakazi wa Washington tuna bahati. Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, yaliyo chini ya Smithsonian, yanahifadhi tangu 1968 blanketi la Harriet Powers. Bibi huyu alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Blanketi lenyewe alilishona kati ya 1885 na 1886: sehemu 11 za hadithi za Biblia, watu na wanyama wamekatwa kutoka kwenye vitambaa na kushonewa juu. Halioneshwi wakati wote, maana mwanga hula rangi ya pamba. Tuliwahi kuliona, na safari hii tulilirudia kwa picha.

Mwanzoni lilitukera. Mistari haijanyooka, sehemu hazilingani, mikono ya watu imekaa kama matawi. Fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili angerudishiwa kazi hiyo. Lakini litazame polepole. Hakuna kipande kilichowekwa kujaza nafasi tu. Vile viduara karibu na Yuda ni vipande thelathini vya fedha, na nyota ni nyota zenye habari zake. Yule bibi hakupamba kitambaa, alisimulia. Jennie Smith, mwalimu wa sanaa, aliliona kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886 akataka kulinunua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye hali ikawa ngumu, akataka dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuliachia alieleza maana ya kila sehemu, na baadaye alikwenda mara kadhaa kulitazama. Habari hiyo ilitunyamazisha.

Mwaka 2004 yaliletwa pia mablanketi ya akina mama wa Gee's Bend, Alabama, katika jumba la Corcoran, lililofungwa 2014. Wakosoaji waliyasifu kwa kuyalinganisha na michoro ya wasanii wakubwa wa kisasa. Sisi tunaona sifa hiyo imepitia mlango usio wake. Missouri Pettway alishona lake mwaka 1942 kwa nguo za kazi za marehemu mumewe, apate kujifunika kwazo. Magoti ya suruali yamepauka kwa sababu mtu alipiga magoti shambani. Ukilitundika ukutani ukasifia mpangilio wa rangi peke yake, umemsahau mwenye suruali.

Kilichomaliza hoja yetu, hata hivyo, kilitoka nyumbani. Inasimuliwa kwamba karne ya kumi na tisa akina mama wa Unguja na Mombasa walinunua leso zilizouzwa kama kitambaa kirefu, wakakata sita kwa pamoja, wakagawa tatu-tatu na kuunganisha safu mbili. Ndiyo maana Mombasa hadi leo kanga huitwa leso. Basi kumbe kanga nayo ilizaliwa na vipande, na majina tuliyokuwa tukiyatetea yalikuja baadaye! Na kabla ya leso kulikuwa na marekani, kitambaa cheupe kilichofumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini, watu wa aina ya akina Powers, kikavaliwa na watumwa wa mashamba ya karafuu. Hatukutegemea begi la mama lingetufikisha huko.

Tukamruhusu dada, kama vile alikuwa akingoja ruhusa yetu.

Sasa tulihukumu la kwake. Pindo amezitumia vizuri sana, na majina matano ameyaacha mazima kuzunguka kingo. Katikati pamemshinda: amepanga miraba sawasawa kama vigae vya bafuni, na jicho halina pa kutua. Kosa la pili ni la kihandisi. Kanga mpya ikifuliwa mara ya kwanza hurudi, yaani hupungua; ikishonwa na kuukuu kabla ya kufuliwa, huivuta hadi nyuzi zichoke. Tulimwambia. Akajibu, "Mdogo wangu, madaraja yako nimewahi kuyasemea?" Baada ya kufuliwa mara mbili, mshono mmoja umeachia, papo hapo tuliposema.

Lakini kona ya chini ameshona kanga ya kubebea watoto, iliyolainika kiasi kwamba rangi yake haitajiki tena. Kipande hicho hakina jina, wala mji, na ndicho kila mtu hukishika kwanza.

Blanketi linazunguka, miezi mitatu kila nyumba. Zamu yetu inaisha Februari, na dada ameshaanza kupiga simu.