Kichwa Kilichouma Mti

Agosti 2024, katika boma moja nje kidogo ya mji wa Bungoma, nilimsikiliza mzee akiliua joka. Zilibaki siku chache mjukuu wake apashwe tohara, na hadithi ya Mango, shujaa wa Wabukusu wa ukoo wa Bakhurarwa, haina majira mengine. Alisimulia kwa Kiswahili kwa ajili ya wajukuu waliotoka Kitale, lakini kila joka hilo, Yabebe, lilipokaribia pango lake la Mwiala, ulimi ulimrudia Kibukusu.

Aliketi kigodani, ngozi ya ng'ombe miguuni pake. Alipofika pale joka linarudi kutoka mawindoni, aliinama akaburuta kiganja juu ya ngozi ile, polepole, kinyume cha manyoya. Sauti hiyo sijaisahau. Mango yumo gizani, kisu mkononi. Akangoja. Joka likaingia, likajikunja, pindo juu ya pindo. Akangoja. Mtoto mmoja uzalendo ukamshinda: "Kuka, amkate sasa!" Mzee hakujibu. Akaburuta kiganja tena.

Neno "aliua" sikulisikia usiku ule. Aliinua mkono, akaushusha, kisha akaanza habari za mti: jinsi kichwa kilivyoruka kutoka pangoni, kikauma mti uliosimama nje, majani yote yakanyauka. Basi. Hakusema joka lilikuwa na sumu kali wala Mango alikuwa jasiri. Tuliuona mti ukikauka, tukajua meno yale yalikuwa yamwingie nani. Barwa, majirani wa Kikalenjin waliomwekea Mango sharti la kuliua joka kwanza, wakabaki na kazi moja tu, kumtahiri.

Siku hizi hadithi hii hufika kwenye simu ikiwa sentensi moja: Mango aliua nyoka, akatahiriwa. Nyoka! Kiswahili kimetupa "joka", ukubwa wote wa mnyama umo katika silabi ya kwanza, nasi tunaona uzito hata kuitamka. Sioyaye nao, wimbo wa alfajiri ile mtahiriwa anapotoka mtoni na tope mwilini, nimeukuta ukipigwa ndani ya matatu ya Kitale, watu wakitafuna njugu. Nilishuka kabla ya kituo changu.

Mzee alipomaliza, mvulana wa tohara aliuliza mti ule ulikuwa wa aina gani. Akautaja kwa Kibukusu. Watoto wakatazamana. Hakuna aliyeujua, hata mimi.